Mawakala wa Mwanza hawawezi kuhifadhi mteja kwenye Salesforce, wa Morogoro wanaweza. Nimeharibu ruhusa zipi?

Binti_Misungwi

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnivumilie kwa urefu, nimezunguka na jambo hili siku tatu na sasa hata chakula hakishuki.

Mimi si mtu wa kompyuta, niliajiriwa kuratibu mauzo. Kampuni yetu inauza pampu za maji za sola kwa wakulima wadogo, tuna ofisi Morogoro na Mwanza, na wateja wote tunawaweka Salesforce, ule mfumo wa mtandaoni wa kutunza taarifa za wateja. Aliyekuwa anausimamia mfumo ni dada mmoja, fundi kwelikweli, aliujenga peke yake tangu mwanzo. Majuzi kapata kazi kwingine, akaaga, tukala keki, na kesho yake bosi akaniita: "Wewe si unajua kompyuta? Utaushika wewe." Ndivyo nilivyopata cheo.

Mawakala wetu wa Kanda ya Ziwa wako 11: Magu, Sengerema, Kwimba na huku kwetu Misungwi. Wakala anamtembelea mkulima, anaandika jina, namba ya simu, ukubwa wa shamba, maji anayatoa kisimani au ziwani, anabonyeza Save. Yanayofuata yanafanywa na mtiririko (Flow, hatua zinazojiendesha zenyewe) alioutengeneza yule dada: rekodi inahamia jina la mtu wa ofisini, na inafunguka kazi ya kumpigia mkulima simu kesho yake.

Tangu Jumatatu asubuhi, mawakala wote 11 wakibonyeza Save wanakataliwa. Wa Morogoro wanahifadhi kama kawaida. Nikijaribu mimi, inakubali.

Sasa, Ijumaa iliyopita niliingiza mawakala wapya wawili wa Kwimba na nikagusagusa profaili ya Mwanza, yaani orodha ya ruhusa za watumiaji wa huko. Kwa hiyo nikajua tu: ni mimi. Nikafungua profaili mbili, ya Mwanza kushoto, ya Morogoro kulia, nikalinganisha kisanduku kwa kisanduku mpaka macho yakaanza kuona mawili mawili. Palipotofautiana nikaweka tiki. Wapi! Nikatengeneza seti ya ruhusa mpya nikawapa wote. Wapi! Leo mchana bosi kasema niwape wote "Modify All Data" kazi iendelee, tutarekebisha baadaye. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, nikaona niulize kwanza.

Wakala wa Magu amerudi kwenye daftari. Anaandika wateja kwa kalamu, ananitumia picha WhatsApp niingize mimi. Jana picha 14. Mbili zina kidole gumba chake katikati ya namba za simu, na moja ina kuku amekanyaga ukurasa.

Nawasilisha.

Kiazi_Mviringo

Futa kashe, zima simu, washa. Asilimia kubwa inaishia hapo.

Binti_Misungwi

Tumezima na kuwasha mpaka wakala wa Sengerema kaniuliza kama namlipia chaji.

Babu_Tiki

Pole binti. Usiweke tiki nyingine hata moja, na bosi mwambie asubiri. Modify All Data haimaanishi "aweze kuhifadhi". Maana yake wakala wa Magu ataweza kufungua, kubadili na kufuta rekodi ya mtu yeyote katika mfumo mzima, ya Morogoro ikiwemo. Sijawahi kuona mtu akiitoa "kwa muda" halafu akakumbuka kuiondoa.

Nina maswali mawili tu. La kwanza, ujumbe wa kosa unasema nini, wote, mpaka herufi ya mwisho? Usinieleze kwa maneno yako. La pili, wewe ulipojaribu ikakubali, mteja wako wa majaribio ulimwandikia mkoa gani?

Binti_Misungwi

Shikamoo mzee.

La kwanza: skrinshoti zote walizonitumia zimekatwa juu, zinaonyesha "We can't save this record" basi. Kwa hiyo nimeingia kwenye akaunti ya wakala wa Magu kupitia ule uwezo wa admini wa kuingia kama mtumiaji mwingine, nikahifadhi, nikashuka mpaka chini. Unautaja mtiririko wetu kwa jina, unasema ulishindwa pale ulipokuwa unasasisha rekodi, halafu: INACTIVE_OWNER_OR_USER, na mwishoni kuna mfuatano wa herufi na tarakimu unaoanza na 005.

La pili, nimeona aibu. Mteja wangu anaitwa Mteja Jaribio na anakaa Kilosa, mkoani Morogoro. Kila siku Kilosa. Baada ya kusoma swali lako nimemhamishia Mwanza, nikahifadhi kwa akaunti yangu mwenyewe ya admini.

Imenikataa na mimi.

Babu_Tiki

Marahaba. Basi profaili yako haina kosa, na zile tiki zote ulizoweka itabidi uzitoe. Nitakwambia namna ya kuzipata.

Mtiririko unaoamshwa na rekodi kuhifadhiwa huwa hauvai kofia ya aliyebonyeza Save. Unaendeshwa na mfumo wenyewe, na ruhusa za wakala haziulizwi humo ndani. Ungempa kila kisanduku kilichopo, jibu lingekuwa lile lile. Ipo mitiririko ya aina nyingine, ile ya skrini inayomuuliza mtumiaji maswali hatua kwa hatua. Hiyo kwa kawaida inafuata ruhusa za mtumiaji, na hapo kulinganisha profaili kungekuwa na maana. Wako si wa aina hiyo. Na admini mwenye ruhusa zote akikataliwa sawasawa na wakala, acha kabisa kutafuta kwenye ruhusa.

Kilichokupoteza ni kwamba waliokwama wote wana profaili moja. Lakini pia wote wana mkoa mmoja.

Sasa ile 005. Kila rekodi ya Salesforce ina ID, na herufi zake tatu za mwanzo zinataja aina yake: 001 ni akaunti ya mteja, 003 ni mtu wa mawasiliano, 00Q ni mteja mtarajiwa, 00G ni kundi au foleni, 005 ni mtumiaji. Ichukue ID yote, ibandike kwenye anwani ya kivinjari baada ya mkwaju (/) unaofuata jina la mfumo wenu, bonyeza Enter. Utaletwa kwenye ukurasa wa mtu. Nadhani unamjua, mlikula naye keki.

Kisha ufungue mtiririko wenyewe, utafute pale unapogawanyika kwa mkoa. Tawi la Mwanza litakuwa limebandikwa ID ya huyo dada moja kwa moja. Alipoondoka mtu akazima akaunti yake, na Salesforce haikubali rekodi ikabidhiwe kwa mtumiaji aliyezimwa. Mtiririko ukishindwa, na kama hakuna njia ya kushughulikia kosa, unaangusha na rekodi iliyouamsha. Mkulima haingii kabisa.

Usibandike ID ya mtu mwingine mahali pake, mwakani utakuwa hapa tena. Tengeneza foleni (kapu la pamoja linalomiliki rekodi badala ya mtu mmoja) ya wateja watarajiwa wa Mwanza, weka watu wa ofisini humo, na mtiririko uitafute foleni kwa jina lake la kimfumo ndipo uchukue ID. Hata foleni yenyewe usiibandike ID yake: ukiiunda kwanza kwenye mazingira ya majaribio itakuwa na ID tofauti na ile ya mfumo halisi.

Kuhusu tiki zako: kuna ukurasa unaitwa Setup Audit Trail. Juu unaonyesha mabadiliko 20 ya mwisho tu, lakini pana kiungo cha kupakua faili la siku 180. Utaona kila ulichogusa, na saa uliyokigusa.

Nakuru_Admini

Niongeze kidogo kutoka huku Nakuru, nimewahi kuchomeka vilevile.

Angalia pia barua pepe za makosa ya mitiririko zinaenda kwa nani. Mfumo kwa kawaida humtumia mtu wa mwisho kuuhariri mtiririko. Kwenu huyo ni nani? Ndiye huyo aliyeondoka. Kosa limepigiwa kelele tangu Jumatatu, ila kwenye sanduku la barua ambalo si lako. Kwenye Process Automation Settings unaweza kuelekeza barua hizo kwa wale waliosajiliwa kupokea makosa ya Apex (lugha ya programu ya Salesforce), halafu ujisajili humo. Na usichukulie hii kama jambo dogo: barua hizo hubeba thamani za rekodi ndani yake, yaani majina na namba za simu za wakulima. Kwenu Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Sisi yetu ni ya 2019.

Bosi wako akisema "si umwashe tu yule dada wiki moja", mwambie akaunti iliyowashwa inakula leseni, yaani nafasi ya mtumiaji mmoja. Kama leseni yake mmeshampa mtu, hakuna ya kumwashia.

Na siku nyingine mtu akiaga, msimzime siku hiyo hiyo. Mgandisheni kwanza kwa kitufe cha Freeze. Hawezi kuingia, lakini akaunti bado hai na bado inaweza kumiliki rekodi, kwa hiyo mitiririko haivunjiki. Leseni bado inashikiliwa, ndiyo, ila mnapata siku za kutafuta jina lake lilikochomekwa.

Binti_Misungwi

Ni yeye. Nimebandika ile ID, ukurasa ukafunguka, picha yake ileile ya kitenge cha njano, na kisanduku cha Active hakina tiki.

Faili la Audit Trail nimelipakua. Ijumaa saa 10:42 jioni akaunti yake imezimwa. Na aliyeizima ni mimi! Nilikuwa nawaingiza wale mawakala wa Kwimba, leseni zikapungua moja, nikaona jina lake bado lipo, nikasema huyu si ameshaondoka. Sikumbuki hata kama nilifikiri sekunde tano. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwamba nimeharibu mimi, ila nilikuwa natafuta kwenye chumba kingine.

Tiki nilizoziweka kwa siku tatu ni 31. Nimezitoa zote, moja moja, nikiwa na faili pembeni na kalamu mkononi. Seti ya ruhusa nimeifuta. Barua za makosa nazo nimezielekeza kwangu, Nakuru asante sana.

Foleni nimetengeneza, nimeweka watu wanne wa ofisini, mtiririko nimeurekebisha kwenye mazingira ya majaribio kwanza (nilikuwa sijui hata kama tunayo) na saa nane mchana nimeupeleka kwenye mfumo halisi. Wakala wa Magu kahifadhi mteja wa kwanza. Nikapiga kelele ofisini.

Furaha imedumu dakika kama kumi. Kapiga simu: "Dada, mteja ameingia, halafu amepotea." Kila anayemhifadhi hamwoni tena. Mimi namwona, yuko kwenye foleni. Zamani walikuwa wanawaona. Au ni kati ya zile tiki 31 nilizotoa?

Babu_Tiki

Hapana, tiki ziache. Hapo nimekosea mimi, nilikimbilia foleni kabla ya kukuuliza mnashirikishanaje rekodi.

Nenda Sharing Settings. Kwenye mstari wa wateja watarajiwa nadhani utakuta Private. Maana yake rekodi inaonwa na mwenye nayo, na walio juu yake katika ngazi za vyeo, na yeyote aliyefunguliwa kwa kanuni maalumu. Kuwa wewe ndiye uliyeiandika si haki ya kuiona. Hili linawashangaza wengi. Wakala anaandika, mtiririko unaihamishia foleni, na yeye si mwanachama wa foleni, basi mlango umefungwa nyuma yake.

Shuka chini ya ukurasa huo huo, kwenye kanuni za kushirikisha. Natabiri utakuta moja inayosema: rekodi zinazomilikiwa na mwenye cheo fulani, cha yule dada, zionwe na mawakala wa Kanda ya Ziwa. Kanuni hiyo inaangalia mmiliki. Mmiliki sasa ni foleni, hivyo haimgusi mtu.

Binti_Misungwi

Mzee wewe ni mganga? Private, na kanuni ipo, neno kwa neno. "Zinazomilikiwa na Mratibu Kanda ya Ziwa, zionwe na Mawakala Ziwa, kusoma na kuandika."

Ngoja. Kusoma na kuandika, mawakala WOTE?

Mawakala wetu wanalipwa kamisheni. Mwaka jana wa Sengerema na wa Misungwi waligombana mpaka wakaitwa ofisini, kila mmoja anasema mwenzake kamwibia mkulima wa nyanya. Tulikaa kikao cha saa tatu nzima. Tukaishia kuwasuluhisha kwa soda. Kumbe kila mmoja alikuwa anaona orodha ya mwenzake yote, na namba za simu juu!

Nakuru_Admini

😂 Ndio maana sipendi kusikia "zamani ilikuwa inafanya kazi".

Kiazi_Mviringo

Waongeze tu mawakala kwenye foleni, wataona.

Babu_Tiki

Kiazi, wataona, ndiyo. Wataona foleni nzima, na mtakuwa mmerudi kwenye kikao cha soda. Tena kama foleni imewekwa tiki ya kuwatumia wanachama barua, kila mkulima mmoja wa Kwimba ataamsha simu 15.

Binti, swali ambalo ningekuuliza tangu jana: kwa nini rekodi ihame mikono? Yule dada alihamisha ili watu wa ofisini waione na wapige simu. Lakini mtu wa ofisini hahitaji kumiliki ili aone. Mwache wakala abaki mmiliki. Kwenye ngazi za vyeo, weka cheo cha mawakala wa Ziwa chini ya cheo cha ofisi ya Mwanza. Ofisi itaona za mawakala wote, kwa sababu aliye juu anaona za walio chini yake. Wakala wa Sengerema hataona za Misungwi, kwa sababu wako ngazi moja na hakuna kanuni inayowafungulia. Ile kanuni ya zamani ifute.

Kwenye mtiririko, kile kipande cha kubadili mmiliki kitoe kabisa. Kibaki cha kufungua kazi ya kupiga simu tu, na kazi hiyo ndiyo uipeleke kwa ofisi. Ukiweka na njia ya kosa, siku kazi ikishindwa kufunguka mkulima atakuwa ameshaingia salama na wewe utapata barua.

Ukimaliza fungua rekodi moja uangalie Sharing Hierarchy, itakuorodheshea nani anaiona. Usiniamini mimi, iamini hiyo.

Binti_Misungwi

Nimefanya. Nimeingia kama wakala wa Sengerema: anaona wa kwake tu. Kama wa Misungwi: wa kwake tu. Kama mtu wa ofisini: wote. Sharing Hierarchy inakubali.

Limebaki moja. Wakulima wa zamani, 1,870, bado wana jina la yule dada kama mmiliki, na kanuni nimeifuta, kwa hiyo mawakala hawawaoni. Naweza kuwarudisha kwa mawakala kwa wingi?

Babu_Tiki

Unaweza. Mmiliki hubadilika, lakini aliyeiunda rekodi habadiliki. Toa ripoti yenye ID ya rekodi na ya aliyeiunda, hiyo ya pili ndiyo iwe mmiliki mpya, pakia. Wale alioingiza yule dada mwenyewe utawagawa kwa wilaya. Wakala wa zamani aliyeshazimwa naye umtoe kwenye faili, unajua sasa kwa nini.

Kabla hujapakia, hakikisha mtiririko unaamka rekodi inapoundwa tu, si inaposasishwa. La sivyo kesho asubuhi ofisi itakuta kazi 1,870 za kumkaribisha mkulima aliyenunua pampu zamani. Anza na 20.

Binti_Misungwi

Ulikuwa unaamka kwa yote mawili. Nimebadilisha, nimeanza na 20, kimya, hakuna kazi mpya. Zilizobaki nimepakia saa moja usiku. Zimekataa 6, zote za wakala mmoja wa Kwimba aliyeacha kazi, nimempa jirani yake.

Bosi kauliza tatizo lilikuwa nini nikamwambia ni leseni. Si uongo.

Wa Magu amepewa kazi ya kuingiza daftari lake mwenyewe, mimi sisomi tena kidole gumba. Yuko ukurasa wa tatu. Kuku nimemuuliza, anasema si wa kuuza.